Gunia la Karanga Kutoka Puge

Kila mwaka ikifika wiki ya kutathmini miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nyumbani kwangu Gongoni wanajua kuniacha. Mume wangu hunywa chai yake kimyakimya, anachukua baiskeli, huyo. Siyo kwamba naichukia kazi hii. Naipenda, na ndiyo maana inanipandisha hasira. Unamwambia kijana mwaka mzima kwamba shafti yake imepinda, anaitikia "sawa mwalimu, sawa mwalimu," halafu siku ya mtihani anakuja na slaidi zilizopambwa utadhani kadi za harusi, na shafti ni ileile. Mimi nafundisha uhandisi wa mitambo, na mtambo kwangu ni kitu kinachopiga kelele na kufanya kazi. Slaidi haibangui karanga.

Nasema karanga kwa sababu mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa karanga.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa binti wa Puge, kule njia ya Nzega. Mpole, mwenye kuongea kwa kuhesabu maneno, lakini mpe spana uone. Nilikuwa msimamizi wake. Mradi wake ulikuwa mashine ya kubangua karanga, ya kuzungusha kwa mkono, isiyohitaji umeme wala mafuta. Ukitazama kwa haraka ungesema ni kitu cha kawaida, maana mashine za namna hiyo zimeshatengenezwa na watu wengi. Hata mimi nilimwambia hivyo siku ya kwanza alipokuja ofisini. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanieleza jambo ambalo mimi, mzaliwa wa hapahapa Tabora, nilikuwa nalijua tangu utotoni bila kulifikiria.

Kwetu ukitaka kubangua karanga kwa mikono, kwanza unazinyunyizia maji. Ganda kavu linachubua vidole. Ukikaa na ungo tangu asubuhi, jioni huwezi kushika hata kijiko. Kwa hiyo kina mama wanalowesha usiku, asubuhi maganda yamelainika, kazi inakwenda. Ubaya ni kwamba unyevu ule unaingia mpaka kwenye punje, punje zinafungwa kwenye gunia, ukungu unaota, na ukungu huo una sumu. Wataalamu wa kilimo wanaiita sumukuvu, wanaisema redioni kila msimu, watu wanaitikia na kuendelea kunyunyiza. Binti akaniambia kwamba hawezi kumkataza mama yake kulowesha wakati vidole ni vya mama yake. Anachoweza ni kumpa mashine inayobangua karanga kavu, ili maji yasihitajike tena.

Nikamwambia aanze kuchora.

Mara ya kwanza alianguka. Siku ya mtihani, fremu ilikatika kwenye maungio ya kuchomelea, pipa la kubangulia likadondoka sakafuni mbele ya jopo, na jopo likaandika lilichoandika. Kanuni ya chuo chetu haina huruma: mradi ukianguka mara ya pili, unafungasha virago, na miaka yako yote darasani inabaki kuwa hadithi ya kusimulia. Akarudia. Akatengeneza fremu upya. Akabadilisha mbao za ndani ya pipa, akaweka vipande vya mpira alivyokata kwenye matairi chakavu ya pikipiki, ili ganda lipasuke na punje isiumie. Chini akaweka chekeche, na pembeni feni ndogo ya kupeperusha maganda, inayozungushwa na mkono uleule. Kufikia Juni, wakati vumbi na baridi ya asubuhi vinaanza kushika mji, mashine ile ilikuwa inatoa punje nzima, safi, unaweza kuzila pale pale. Nilizila. Nililala vizuri usiku wa kuamkia mtihani wake, jambo ambalo si desturi yangu.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa idara yetu, mtu wa kanuni, ambaye naamini hata nyumbani kwake anakula kwa mujibu wa kifungu. Wa pili alikuwa mtahini wa nje, mhandisi mwenye mvi aliyeletwa kutoka Dodoma, Mgogo asilia. Wa tatu mimi, ila nikiwa msimamizi sikuruhusiwa kumsaidia mwanafunzi wangu wala kumjibia. Msimamizi anakaa, anafunga mdomo mpaka aulizwe. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu.

Tulipofika karakana, tulimkuta binti amevaa overoli iliyofuliwa, amesimama kando ya mashine yake, na nyuma yake mlangoni amesimama mama mmoja wa makamo, kajifunga kitenge kipya chenye mikunjo ya dukani. Alikuwa mama yake. Binti alikuwa ameagiza gunia la karanga za nyumbani kwa ajili ya mtihani, kwa sababu ndizo alizozifanyia majaribio yote, na mama akakataa kulikabidhi kwa kondakta. Akapanda nalo basi mwenyewe, akalala kwa dada yake hapa mjini, na asubuhi wakalileta karakana kwa mkokoteni.

"Mama atasubiri nje," alisema mwenyekiti.

"Nje kuna upepo," akasema mtahini wa nje. "Aketi hapo mlangoni, hatujali." Kisha akamgeukia mama. "Mama, wewe Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi wa Puge, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Mgogo. Ninyi mna deni letu. Babu zenu walipita kwetu na mizigo, wakanywa maji ya visima vyetu, wakaondoka."

Mama akacheka, hofu ikampungua usoni. "Babu zetu walilipa, baba. Ninyi Wagogo mliwatoza mpaka maji ya mvua."

Kwa asiyejua, Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, pale wapagazi wa kwetu walipokuwa wakikatiza Ugogo kwenda pwani na Wagogo wakiwatoza kwa kupita na kwa maji. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, na wewe una ruhusa ya kumrudishia. Mwenyekiti, ambaye kwao ni mbali na mambo haya, alitazama saa.

Binti akaanza. Alieleza vizuri, kwa ufupi, akionyesha kwa kidole badala ya slaidi, nami moyoni nikawa nampigia makofi. Akaeleza kwa nini mpira na siyo mbao, kwa nini nafasi kati ya pipa na chekeche ni ile na siyo pungufu. Mtahini wa nje akauliza maswali mawili magumu, akajibiwa yote. Mwenyekiti akasema, "Tuone inafanya kazi."

Binti akafungua gunia, akachota karanga kwa debe, akamimina, akashika mkono wa mashine akazungusha.

Mizunguko ya mwanzo ilikwenda. Halafu sauti ikabadilika. Ile mikwaruzo mikavu niliyoizoea ikageuka kuwa mnong'ono mzito, mkono ukawa mgumu, binti akauegemea kwa bega, na chini ya chekeche yakaanza kutoka maganda yaliyokunjamana bila kupasuka pamoja na punje zilizopondeka na kuchubuka ngozi. Mara mashine ikakwama kabisa.

 Binti akafungua kifuniko, akaingiza mkono ndani ya pipa kutoa zilizoziba, na nikauona mkono ule ukisimama. Alichukua karanga moja akaibonyeza kwa kidole gumba. Haikulia. Ganda liliingia ndani kama karatasi iliyolowa chai. Akageuka kidogo, si kabisa, akamtazama mama yake pale mlangoni, kisha akarudisha macho kwenye mashine.

Nilijua alichokijua. Karanga kavu ukiitikisa sikioni, punje inacheza ndani. Zile zilikuwa zimekaa kimya. Zilikuwa zimeloweshwa.

"Tatizo ni nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Imeziba."

"Naona imeziba. Kwa nini imeziba?"

 Nikamkodolea binti macho nikimsihi kwa kope: sema! Maneno matatu tu, karanga zina maji, na jopo lingeelewa. Lakini kusema vile ilikuwa ni kumnyooshea mama yake kidole mbele ya wakubwa watatu, mama aliyekaa na gunia miguuni mwake kutoka Puge, ambaye bado alikuwa anatabasamu pale mlangoni, akidhani kuziba ni sehemu ya mtihani.

"Sijui," alisema binti.

Mwenyekiti akaandika. Mhandisi akisema "sijui" kuhusu mashine aliyoiunda kwa mikono yake, hakuna cha kumwokoa, na huyu alikuwa kwenye nafasi yake ya mwisho. Nilishikwa na hasira, na nikiri ilikuwa kwa binti mwenyewe. Miaka yote ile, mwaka wa kurudia, usiku wa kukata matairi, halafu unajitupa shimoni kwa adabu! Nilibana meno mpaka taya likauma. Kanuni ilikuwa imenifunga mdomo, na aliyekuwa na haki ya kusema alikuwa ameamua kutosema.

"Kwa hiyo," alisema mwenyekiti huku akifunga kalamu, "jopo limeona."

Hapo mama akasimama. Nadhani ni kule kufungwa kwa kalamu kulikomwambia. Alitutazama mmoja mmoja, akamtazama mwanawe aliyeinamisha kichwa, akasogea mpaka kwenye mashine akashika karanga ambazo binti alikuwa amezitoa.

"Samahanini walimu wangu," alisema. "Hizi karanga zimekuwa mbaya kwa sababu zina maji?"

Mtahini wa nje akachukua moja akaibonyeza.

"Basi nimezilowesha mimi. Jana jioni, kwa dada yangu. Huyu alikuwa huku anapiga deki. Nikasema ngoja nizinyunyizie, zilainike, mashine ya mwanangu isipate taabu."

Binti akajifunika uso kwa mikono miwili. Mama akaelewa kwamba alichokifanya kilikuwa kikubwa kuliko alivyodhani, na kile kitenge kipya kikaanza kutetemeka. Sitasahau. Nilitamani sakafu ya karakana ipasuke tuingie wote.

Aliyetuokoa alikuwa Mgogo wetu. Alijishika kiuno, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa ya uongo.

"Wanyamwezi!" alisema. "Babu zetu waliwauzieni maji kwa shida, kata kwa kata. Leo mnayamwaga juu ya karanga!"

 Mama akacheka huku machozi yakimtoka, mimi nikacheka kwa sauti isiyo ya heshima, na hata binti nikaona mabega yake yanatikisika nyuma ya mikono. Mwenyekiti hakucheka, ila alifungua tena kalamu.

Wakaanza kubishana, mimi nikisikiliza kama mshtakiwa. Mwenyekiti alisema mwanafunzi ndiye anayeleta vifaa vya mtihani, kwa hiyo hali ya vifaa ni juu yake. Mtahini wa nje akasema mtihani ni wa mashine, siyo wa gunia. Ukipima gari kwa mafuta yaliyochanganywa na maji umepima nini? Mwenyekiti akasema kanuni. Mtahini wa nje akasema hebu nionyeshe kanuni inayokataza karanga kavu. Mwenyekiti akafikiri. Kwa haki nimsifu: alifikiri kwa kweli, hakujifanya. Mwishoni akasema kama karanga nyingine kavu zitapatikana kabla ya mwanafunzi anayefuata kumaliza, jopo litarudi kuona, na litaandika yote mawili, la kwanza na la pili.

"Msimamizi anaruhusiwa kwenda sokoni?" niliuliza.

"Kanuni haisemi kitu," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona dalili ya tabasamu.

Basi mimi, mhadhiri mwenye miwani na kitambulisho shingoni, nikarukia bodaboda. Sokoni nilimwendea mama muuza karanga za maganda, nikachukua moja nikaitikisa sikioni, nikachukua nyingine, nikaingiza mkono mpaka chini ya gunia kutafuta ubaridi.

"Umezilowesha hizi?"

"Dada, unaninunulia au unanikagua?"

"Niambie kwanza zimeloweshwa?"

"Nizilowesheje za kuuza kwa maganda? Nina kichaa?"

Nilimwomba radhi, nikalipa bila kuvutana bei, jambo ambalo lilimshangaza kuliko maswali yangu. Nilirudi nimepakata mfuko, vumbi limenijaa kwenye ushungi, nikisoma kila dua ninayoijua, pamoja na zile za safari ndefu.

Karakana walikuwa wameshaikausha mashine. Mama alikuwa ameshika kitambaa anafuta vipande vya mpira, kimoja kimoja, kwa woga, anavyofuta mtu vyombo vya ugenini. Binti akanipokea mfuko. Hakunishukuru wala hakunitazama. Alichukua karanga moja, akaitikisa sikioni. Akamimina.

Ikalia! Ile sauti kavu, ya kukwaruza, mbaya kwa masikio ya wengine, tamu kwangu. Maganda yakarushwa pembeni na feni, punje zikateremka chini nyekundu na nzima. Mtahini wa nje akaokota za kujaa kiganja, akazihesabu zilizovunjika, akazila ambazo hazikuvunjika. Pumzi niliyokuwa nimeishika tangu asubuhi ikanitoka mpaka mwenyekiti akanigeukia.

Lakini haikuwa imekwisha. Mtahini wa nje, yule yule aliyetutetea, akatafuna akameza, akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mashine yako ni ya akina mama wa Puge. Akina mama wa Puge wanalowesha karanga, leo tumeona kwa macho. Sasa umebuni kitu ambacho watumiaji wake wataiziba kila siku. Huoni kuwa hiyo ni kasoro?"

Nikajisemea, mama weee, asiseme tena "sijui."

"Hapana," alisema. "Nisingeitengeneza iweze kubangua karanga zilizolowa, hata kama ningejua namna. Zikilowa zinaota ukungu wa sumu. Mashine ikizikubali, wataendelea kulowesha. Ikizikataa, wataacha." Akasita, akamtazama mama yake waziwazi sasa. "Mama alikuwa analowesha kwa sababu ya vidole. Hii ni ya vidole. Nilipaswa kumweleza mapema, nikaona haya kumwambia kwamba alichotulisha siku zote si salama."

 Mama alikuwa anaitazama ile mashine.

Wakatolewa nje, yeye na mama yake, sisi tukabaki kujadiliana. Nami safari hii niliulizwa, nikasema yote niliyokuwa nimeyameza, na mengine ambayo hayakuhitajika. Mwenyekiti alitaka ripoti iongezewe sehemu inayoeleza unyevu wa karanga na nini kinatokea zikiwa zimelowa, na bango la maelezo libandikwe kwenye mashine. Mtahini wa nje alitaka bango hilo liwe la picha. Nilikubali kila kitu. Wangetaka ipakwe rangi ya pinki ningekubali.

Tukawaita. Walisimama bega kwa bega, mikono mbele, wote wawili, mpaka ukaona binti alikoitoa ile namna yake ya kusimama. Mwenyekiti akasoma kwa lugha yake ya kiofisi kwamba jopo limeridhia mradi kwa masharti ya marekebisho madogo.

Binti akafumba macho. Alhamdulillahi, nilisema, kwa sauti, bila kujali kifungu gani kinasemaje.

Mama lakini alibaki vilevile. "Marekebisho," alirudia. "Maana yake ameanguka?"

"Amefaulu, mama," alisema mwenyekiti.

"Amefaulu hata na ile ya maji?"

"Na ile ya maji."

"Kwa hiyo sikumharibia?"

Mwenyekiti akaweka karatasi zake mezani. "Hapana, mama. Hukumharibia."

Jibu moja halikumtosha. Akamgeukia mtani wake, akamuuliza hivyo hivyo, bila utani, naye akamjibu bila utani kwamba hakumharibia. Akaja kwangu. "Na wewe mwalimu wake, niambie kweli, sikumharibia?" Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Ndipo akamgeukia mwanawe, akafungua mdomo kuuliza, lakini binti hakungoja. Alikuwa ameshamkumbatia, overoli na grisi yake yote, juu ya kile kitenge kipya.